Sura ya Sita: Deni la Wimbo

Katika harusi za Tanga za zamani muimbaji alilipwa mbele ya macho ya watu. Wimbo ukishakolea, mama mmoja huinuka kitini, akaenda jukwaani kwa madaha huku akicheza, noti mkononi, akaibandika kwenye paji la uso la muimbaji au akamtilia kiganjani, kisha akarudi kwa njia ndefu kuliko aliyoendea ili aliyekusudiwa amwone vizuri. Maana tuzo mara nyingi haikuwa ya muimbaji peke yake. Ilikuwa jibu kwa mke mwenza aliyeketi safu ya tatu, au kwa jirani aliyesema neno lisilofaa wiki iliyopita. Ubeti ulikuwa umesema kile ambacho mama yule hakuweza kukisema kwa kinywa chake, naye alilipia kule kusemewa.

Naanza na tuzo kwa sababu mazungumzo ya kupakua nyimbo bila kulipa huanzia karibu kila mara kwenye sheria, na hapo ndipo msomaji anapotoroka. Anaambiwa kunakili ni wizi. Anaitazama simu yake yenye nyimbo mia tatu, hakumbuki hata moja aliyoilipia, anajipima nafsi na bado hajioni mwizi. Ukimwita mkosefu wa adabu utakuwa umemwonea. Amekulia pwani ambako wimbo ulilipiwa ulipoimbwa, na ulipokwisha kuimbwa ukawa wa kila mwenye masikio. Binti aliyetoka harusini na beti zote kichwani, kesho yake akaziimba anaosha vyombo, hakumwibia mtu. Tena ndivyo wimbo ulivyotoka Ngamiani ukafika Pangani na Muheza, na watu wa huko wakaona haya kuozesha bila kukiita kikundi kilichoutoa.

Utaratibu ule ulikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe tungali nayo. Aliyetunzwa ni aliyeonekana. Mtunzi wa shairi hakuwapo jukwaani, na pengine hakualikwa. Ni jambo la kushangaza, kwa kuwa washairi wa pwani hawachezi na majina yao: mwenye utenzi hujitaja katika beti za mwisho, akautaja na mji wake na mwaka. Lakini shairi likishapewa kikundi cha taarab na kutiwa ala, jina la aliyelitunga hudondoka njiani. Muulize leo mpenzi wa nyimbo za kale nani kaimba, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize nani katunga, ataanza kukuna kichwa.

Nyimbo ninazozisema hapa ni hasa za Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club, vikundi vilivyoutikisa mji huu miaka ya 1960 na 1970. Taarab ya Unguja ilijaa fidla, kanuni na udi, na wasikilizaji wameketi kwa utulivu. Tanga iliipunguza ile safu ndefu ya wapigaji, ikatia gitaa, besi na bongo, ikawa taarab inayokuinua kitini. Shakila Said, mzaliwa wa Pangani, alijulikana akiwa na Black Star kabla ya kuhamia Dar es Salaam, na sauti yake iliwafikia watu ambao hawakupata kuuona mji wa Tanga wala bahari yake.

Waliisikiaje? Kwa santuri na kwa redio, na hapo ndipo hesabu ya tuzo ilipoanza kuharibika.

Santuri iliutenga wimbo na koo la mwenyewe. Kwa Waswahili jambo hilo lilikuja kwa kishindo mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake walipotoka Unguja kwenda Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV. (Aliyetuandikia maisha ya Siti ni mtu wa huku kwetu, Shaaban Robert wa Vibambani, mshairi akimwandika muimbaji, na sijui kitabu kingine cha Kiswahili cha wakati ule kilichompa mwanamke wa sanaa heshima ya namna ile.) Tangu hapo mtu wa Lamu aliweza kumsikia Siti na Siti asimjue. Hakukuwa na paji la uso la kubandika noti. Pesa ilibidi ipite kwa muuza duka, kwa wakala, kwa kampuni, halafu ndipo imrudie mwenye sauti, kama ilirudi.

Vikundi vya Tanga vilikuwa jirani na Mombasa kuliko Dar es Salaam, na Mombasa ndiko walikokuwa wafanyabiashara wa santuri kama wale wa lebo ya Mzuri. Tanzania yenyewe haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliopitia bendi ya Jamhuri Jazz, walihamia Arusha na kisha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaunda Simba Wanyika. Wanamuziki wengi walivuka mpaka kwa sababu hiyo hiyo: Nairobi kulikuwa na kampuni, studio na mashine. Waliobaki nyumbani walikuwa na studio moja ya kutegemea, ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilirekodi pale, wimbo ukapigwa nchi nzima asubuhi na jioni, na malipo yake makubwa yalikuwa umaarufu, ambao bendi iliugeuza pesa mlangoni mwa ukumbi wa dansi.

Sasa mfikirie mtu wa Makorora mwaka 1980. Ana redio kaseti. Anakaa macho usiku akisubiri wimbo aupendao upigwe, kidole kiko kwenye kitufe cha kurekodi, anawakemea watoto wanyamaze. Amepata wimbo bila kulipa. Kamwibia nani? Hakukuwa na duka lililouza wimbo huo. Angetaka kulipa asingejua aende wapi. Mimi namwachia huyu kabisa. Zaidi ya hayo, kanda za namna hiyo, zilizotunzwa chini ya vitanda, ndizo zilizookoa sehemu ya muziki wa nchi hii. Kama kuna aliyekuwa na deni katika hadithi yake, ni redio ya dola iliyoupiga wimbo ule kila siku.

Kaseti ilipokwisha kuenea mambo yakachanganyika. Mombasa kulikuwa na maduka kama Mbwana Radio Service yaliyorekodi vikundi vya taarab na kuuza kanda zao. Ulikwenda, ukataja kikundi, ukatolewa nakala. Mwenye duka alikuwa mrekodi, mchapishaji na msambazaji kwa pamoja. Jirani yake mwenye redio mbili na waya alikuwa msambazaji vilevile, ila huyu hakuwa na mapatano na mtu. Kwa macho ya mnunuzi wawili hao hawakuwa na tofauti, na nani angemlaumu? Kanda zilifanana, nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya wino. Na Tanga, mji ambao watu huuambia kwa utani waja leo waondoka leo, haukuwa na shida ya mzigo kuvuka mpaka wa Horohoro.

Halafu ikaja Bongo Fleva, na pamoja nayo wasambazaji wa Kariakoo. Hapa natamani wale wanaowahubiria vijana kuhusu uharamia wakae kidogo. Kwa miaka mingi msanii alipeleka albamu yake kwa msambazaji, akapewa fungu la pesa kwa mkupuo, na baada ya hapo hakuwa na njia ya kujua nakala ngapi zimefyatuliwa. Malalamiko ya wasanii juu ya jambo hilo yamejaa magazetini. Kwa hiyo kijana mwadilifu aliyekataa kanda feki akanunua iliyo halali hakuwa na hakika kwamba hata shilingi moja ya pesa yake ilimfikia aliyeimba. Mwaka 2013 Serikali ikaleta stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, zibandikwe na Mamlaka ya Mapato. Stempu inaweza kuonyesha kuwa nakala imepita mlango wa halali. Haionyeshi kuwa msanii kalipwa haki yake. Na kabla stempu haijazoeleka, CD yenyewe ilikuwa inakwenda zake.

Leo, karibu na stendi yoyote ya pwani hii, utamkuta kijana mwenye kibanda, kompyuta kuukuu na spika mlangoni. Unampa flashi au memori kadi, anakujazia nyimbo kwa shilingi chache. Wateja wake si vijana peke yao. Mama wa makamo anamwambia, "Mwanangu, nitilie na zile taarab za zamani, lakini usinichanganyie na hizi za kupiga kelele," naye anajibu, "Sawa mama," na ndani ya dakika anakuwa amemkabidhi miaka arobaini ya kazi ya watu. Dereva wa basi anajaza flashi ya safari nzima ya Dar. Mpiga muziki wa harusi anajaza ya wiki. Na wasiokwenda kibandani wanatumiana kwa WhatsApp bila kufikiri, kama wanavyotumiana picha za watoto.

Watu wa mijadala huwaweka wote hawa kapu moja na kuwaita maharamia. Mimi naona hapo ndipo fikra inapokufa. Binti anayemtumia rafiki yake wimbo mmoja kwa sababu umemliza, na kijana anayeuza nyimbo elfu moja alizozipakua, wamefanya kitendo kimoja kwa vidole vyao, lakini mmoja kaingiza pesa na mwingine hakuingiza. Tena kijana wa kibanda, pamoja na kosa lake, ni mdogo sana. Aliye juu yake ni mwenye basi anayevuta abiria kwa muziki na video safari nzima. Juu yake kuna mwenye baa. Juu kabisa kuna wenye mitambo.

Kesi inayoonyesha hili kuliko zote ina mtu wa Muheza ndani yake. Hamis Mwinjuma, anayejulikana kwa jina la Mwana FA, na mwenzake Ambwene Yessaya, yaani AY, walikwenda mahakamani mwaka 2012 kuishitaki kampuni ya simu ya MIC Tanzania, iliyokuwa ikifanya biashara kwa jina la Tigo. Walidai nyimbo zao mbili, "Usije Mjini" na "Dakika Moja", ziliuzwa kama miito ya simu bila ridhaa yao. Wasomaji wachanga huenda wasiujue mwito wa simu ulikuwa na maana gani: ukimpigia mtu, badala ya mlio unasikia wimbo aliouchagua, naye anakatwa salio kwa ajili yake. Mpigaji alisikia vipande vya sekunde chache, na vipande hivyo vilikuwa biashara nono. Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamua wanamuziki hao walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Kampuni haikuridhika, ikakata rufaa.

Tazama kesi hiyo ilimhusu nani. Kwa miaka yote ile vijana wa Muheza na Tanga walikuwa na nyimbo za Mwana FA kwenye simu zao, nyingi zikiwa zimetoka kibandani. Washitakiwa hawakuwa wao. Aliyefikishwa kizimbani ni aliyekuwa na mtambo wa kuhesabu kila mwito, kila mteja na kila senti, na kwa hiyo hakuweza kusema hajui wimbo umeingiza kiasi gani. Nadhani hapo pana kanuni ya maadili iliyo bora kuliko lile neno la jumla la wizi. Anayeingiza pesa kwa wimbo anadaiwa kwanza, na kadiri anavyoweza kuhesabu ndivyo udhuru wake unavyopungua. Mwinjuma mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Muheza mwaka 2020, na mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo, wizara ambayo COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki, iko chini yake. Ni wadai wachache wanaopata kukabidhiwa daftari la madeni.

Msikilizaji wa kawaida asifurahi mapema. Naye ana hoja zake, na si zote zinazosimama.

Hoja anayoipenda ni kwamba nakala haimpunguzii msanii kitu. Ni kama kaa la moto: jirani akija kuazima, jiko lako halipoi. Kweli. Ila mwenye jiko alinunua mkaa, na akipita jirani wa elfu moja bila hata mmoja kuchangia gunia, kesho hatawasha. Kurekodi wimbo kuna gharama za studio, wapigaji, video na nauli. Hoja ya pili ni kwamba tunamtangaza. Hii ina ukweli kwa kijana anayeitwa kwenye matamasha, kwa kuwa umaarufu wake hugeuka kiingilio, kama ilivyokuwa kwa bendi za dansi. Kwa muimbaji mzee asiyeweza tena kusimama jukwaani, au kwa warithi wake, kutangazwa hakuna maana. Hao ndio wanaoumia hasa, na ndio ambao nyimbo zao zimejaa kwenye zile flashi za mama zetu.

Ya tatu ni ufukara, na hii naiheshimu. Lakini siku hizi pesa inayotakiwa ni ndogo kuliko tunavyojifanya. Diamond Platnumz alipofungua duka la mtandaoni la Wasafi mwaka 2017, wimbo uliuzwa shilingi 300. Spotify ilifika Tanzania mwaka 2021, na Boomplay ilikuwapo kabla yake. Kizuizi cha zamani, kwamba huna kadi ya benki, kimepungua tangu malipo yapite kwenye simu. Aliyeweza kununua kifurushi cha kupakulia wimbo alikuwa na pesa. Aliilipa kampuni ya simu.

Barazani utasikia pia hoja ambayo vitabu vya Ulaya haviijui: kwamba muziki wenyewe una utata katika dini, sasa haki yake itatoka wapi? Nimeisikia ikitolewa kwa uso mkavu na mtu aliyekuwa na spika mkononi. Wanazuoni kwa upande wao walikwisha kulitazama suala la haki hizi zisizoshikika. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zina thamani ya kimali, zinalindwa kisheria, na haifai kuzivamia. Anayeona muziki ni haramu njia yake ni nyeupe: asiusikilize. Kuupenda usiku kucha na kuuona haramu saa ya kulipa ni fatwa ya mfukoni.

Nayo sheria ya nchi ni laini kuliko mabango yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoizaa COSOTA, inamruhusu mtu kunakili kazi iliyokwisha kuchapishwa kwa matumizi yake binafsi. Kuuza nakala, na kuucheza wimbo hadharani kwa biashara, ni mambo mengine. Mwaka 2022 Bunge likaongeza tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kurekodi na kunakili. Serikali, kwa maneno mengine, imekubali kwamba watu watanakili, na imeona bora ichukue kitu kidogo kwenye vifaa kuliko kumfukuza kila mwenye flashi. Naiona ni busara, endapo pesa itafika.

Na kufika ndiko penye shaka. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii wapatao 1,100. Gawanya mwenyewe: wastani haufiki laki tatu kwa mtu. Ni mwanzo, na katika nchi ambayo kwa miongo redio ilipiga bila kuulizwa, mwanzo si kitu cha kudharau. Lakini mgao wa namna hii hutegemea orodha za nyimbo zilizopigwa, na orodha humjua aliyejisajili na anayepigwa sana. Muimbaji wa taarab wa Tanga aliyerekodi Mombasa mwaka 1970, mkataba haupo, kikundi kimekufa, na wimbo wake uko kwenye flashi kwa jina la "Track 07", ataingia orodha gani?

Ndiyo maana narudi kwenye majina. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa sheria ya 1999 haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo ukilitia muziki shairi lake leo hudaiwi senti. Jina lake bado unadaiwa, na hilo halina gharama.

Basi, msomaji, kama una basi, baa, saluni au ukumbi, leseni ya kucheza muziki hadharani inakuhusu wewe, usimsukumie kijana wa kibanda. Kama unaozesha, muulize mpiga muziki wako kama anayo kabla hujampa malipo ya awali. Kama ni msikilizaji tu, mlipe msanii aliye hai pale alipoweka mlango wa kulipia. Na kama una kanda za marehemu wazazi wako zenye nyimbo za Black Star au Lucky Star, zigeuze ziwe faili kabla ukungu haujazimaliza, kisha kaa na wazee wangali hai uwaulize kila wimbo uliimbwa na nani na ukatungwa na nani. Andika majina yote mawili kwenye faili kabla hujamtumia mtu.